KUTOA TONSESI KWA ILE MASHINE YA BARIDI: UNAPATA NINI, NA SIKU YA SABA UTAKUWA WAPI?

Najua kuna waliosema blogu imekufa. Haijafa. Nilikuwa kwenye mambo ya hospitali na mdogo wangu wa kike, ana miaka minane, ishu yenyewe ni tonsesi. Leo nimetulia, nimelipia saa mbili hapa kafe, nataka niandike yale niliyojifunza, maana nimegundua kila nyumba ina mtu mwenye tonsesi na kila mtu ana ushauri wake.

Angalizo kwanza. Mimi si daktari. Nimeishia fomu foo na baiolojia nilipata D. Ila kusoma najua, na haya nimeyasoma kwa uchungu kwa sababu koo lenyewe lilikuwa la mdogo wangu.

Ilikuwa hivi. Dogo alikuwa anaumwa koo kila mara, homa juu, hamezi, shule haendi. Usiku anakoroma kama mzee. Mama akampeleka hospitali moja ya binafsi (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Daktari akaangalia koo, akasema hizi zinatoka. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yamezaa makala hii: "Mama, siku hizi hatukati tena kwa kisu. Tuna mashine, inatoa kwa ubaridi, haichomi, haiumi, damu hamna kabisa. Kesho yake mtoto anakula chipsi." Mama akauliza bei. Akatajiwa. Ilikuwa karibu mara tatu ya ile tuliyoambiwa hospitali ya rufaa. Mama kwenye daladala hakuongea kitu, nikajua anahesabu mbuzi.

Kufika nyumbani, bibi naye akasema hiyo si tonsesi, hicho ni kimeo, apelekwe kwa mzee fulani akakatwe, elfu chache tu yamekwisha.

Sasa hapo ndipo nikaingia kafe.

Tuanze na kimeo, tumalizane nacho. Kimeo ni kale kanyama kanakoning'inia katikati ya koo, ukifungua mdomo mbele ya kioo unakaona. Tonsesi, ambazo Kiswahili cha darasani ni mafindofindo, ni mbili, zipo pembeni, kulia na kushoto. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kukata kimeo hakuponyi tonsesi, na wala hakuponyi kikohozi wala kutapika kama wazee wanavyoamini. Kinacholetwa na kile kisu cha mtaani ni kutokwa damu, vidonda kuoza, pepopunda, na kama kisu kimetoka kwenye koo la mwingine, mpaka ukimwi. Watoto wanafikishwa hospitali kwa hilo tatizo hapahapa Tanzania, si hadithi. Bibi yangu nampenda sana lakini hapo nilimkatalia.

Turudi kwenye tonsesi zenyewe. Ni sehemu ya kinga ya mwili, kama walinzi wa getini, wanakagua kinachoingia mdomoni na puani. Kazi yao inakuwa kubwa zaidi utotoni, ndiyo maana watoto wengi wana tonsesi kubwa na zikipita miaka zinasinyaa zenyewe. Kuwa na tonsesi kubwa peke yake SIO ugonjwa. Na koo likiuma, mara nyingi sababu ni virusi, vinapita vyenyewe na vidonge vya rangi mbili unavyonunua dukani havisaidii kitu. Zile chache zinazoletwa na bakteria aina ya streptokoka ndizo za kuziogopa, maana zisipotibiwa vizuri mwili unaweza kugeuka ukaanza kushambulia vali za moyo wake wenyewe. Huo ugonjwa wa moyo kwetu Afrika bado unaua vijana. Lakini dawa yake ya kwanza ni penisilini, dozi kamili, si kisu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya "mashine au kisu" ni je, zitoke kweli?

Hapa kuna kisa kimoja nimekipenda mno. Mwaka 1934 kule New York walichukua watoto 1,000 wa shule, wa miaka 11. Wakakuta 611 tayari wameshatolewa tonsesi. Wale 389 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, madaktari wakasema 174 kati yao wanahitaji kutolewa. Sawa. Wakachukua wale 215 walioambiwa "nyie wazima", wakawapeleka kwa madaktari wengine. Hao nao wakachagua 99! Wakabaki 116, wakapelekwa kwa kundi la tatu la madaktari, na huko tena karibu nusu yao wakaambiwa watolewe. Yaani kila daktari aliyeletewa watoto aliona karibu nusu yao wana shida, hata kama mwenzake alishawapitisha. Zamani hizo upasuaji huu ulikuwa ni kama fasheni.

Siku hizi kuna kipimo cha kuhesabu. Kimetokana na utafiti wa daktari Mmarekani, Jack Paradise, uliotoka mwaka 1984. Ukiwa na koo lililoumwa vibaya mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, hapo inaeleweka kuzungumzia upasuaji. Na si koo la kuwasha tu, ni lile la homa, usaha, tezi za shingo kuvimba, au kipimo kuonyesha bakteria. Mama yangu alikuwa na daftari la kliniki, tukahesabu: mara 8 katika mwaka. Haya, dogo alikuwa amefuzu, kama ni kufuzu.

Sababu ya pili kubwa ni usingizi. Tonsesi zikiwa kubwa sana, mara nyingi pamoja na nyama za pua, mtoto anakoroma, pumzi inakata sekunde kadhaa, anashtuka, anavuta tena. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Marekani wa watoto 464 wenye tatizo hilo. Baada ya miezi saba, kati ya waliofanyiwa upasuaji 79 kwa kila 100 usingizi ulikuwa umekaa sawa, na kati ya waliosubiri tu ni 46. Tabia na raha ya maisha vilikuwa bora kwa waliofanyiwa. Lakini angalia, na hao waliosubiri, karibu nusu walipona bila kuguswa.

OK. Sasa mashine.

Kuna njia tatu ambazo utazisikia. Ya kwanza ni ya kizamani, kisu, mkasi na vifaa vya chuma vya kawaida. Daktari anabandua tonsesi kutoka kwenye msuli wa koo, mishipa inayovuja anaifunga kwa uzi au anaikandamiza na pamba. Ya pili ni ya umeme: ncha ya chuma inapitisha umeme, inakata na kuchoma kwa pamoja, mshipa unafungwa kwa kuunguzwa. Haraka, damu kidogo pale mezani, lakini joto linapita nyuzi 400. Hebu fikiria kidonda cha moto ndani ya koo, halafu umeze ugali.

Ya tatu ndiyo ile ya "baridi". Jina lake la biashara ni Coblation, madaktari wanaita koblesheni. Ni kijiti chembamba chenye nguzo ndogo za umeme kwenye ncha. Kijiti hicho kinadondosha maji ya chumvi, ile ile ya dripu unayoijua. Umeme wa mawimbi ya redio ukipita kwenye yale maji, panatokea tabaka jembamba mno la chembe zenye chaji, wataalamu wanaita plazma, na hizo chembe ndizo zinazovunjavunja nyama kidogo kidogo mpaka inayeyuka na kufyonzwa. Joto linakuwa nyuzi 40 hadi 70. Kwa hiyo "baridi" ni neno la kibiashara, si barafu, ni baridi ukilinganisha na ile ya 400! Chai yako hapo mezani inaweza kuwa na joto hilo hilo. Ila ni kweli kabisa kwamba nyama ya jirani inaungua kidogo sana, na hiyo ndiyo hoja yake kubwa: kidonda kidogo, maumivu kidogo.

Je, maumivu yanapungua kweli? Mwaka 2017 kundi la Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzichambua, walikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa 2,561 waliolinganishwa koblesheni na njia nyingine. Walichoona ni kwamba siku ya kwanza maumivu yanaweza kuwa pungufu kidogo, lakini kidogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe huenda asihisi tofauti, na kadiri siku zinavyokwenda tofauti inayeyuka. Halafu wakaongeza kwamba tafiti zenyewe nyingi hazikuwa na ubora. Sisemi mashine ni feki. Nasema "haiumi" ni uongo wa mchana. Kutoa tonsesi kunauma kwa njia yoyote, na kilele cha maumivu huwa si siku ya kwanza, ni kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati umeshafika nyumbani na unadhani umepona.

Na chipsi kesho yake... daktari wetu sijui alikuwa anamaanisha chipsi gani.

Sasa tuje kwenye damu, na hapa nawaomba msiruke mistari, maana hiki ndicho kilichonikosesha usingizi.

Damu ya tonsesi inakuja kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ndani ya saa 24, bado uko hospitali, wauguzi wapo, thieta ipo. Hiyo ni mbaya lakini iko mahali pazuri. Ya pili inakuja kati ya siku ya 5 na ya 10. Kidonda kinajifunika utando mweupe, ule utando unaachia, chini yake kukiwa na mshipa haujaziba vizuri, unafunguka. Unaweza kuwa unaangalia katuni. Unaweza kuwa umelala.

Kule England na Ireland ya Kaskazini waliwahi kufanya hesabu kubwa, Julai 2003 mpaka Septemba 2004, wagonjwa 33,921. Walihesabu damu ile tu iliyomrudisha mtu hospitali, au kumchelewesha kutoka, au kumrudisha thieta, au kumfanya aongezewe damu. Jumla ilikuwa 3.5 kwa kila 100. Lakini walipogawa kwa njia, wale waliofanyiwa kwa vifaa vya kawaida bila joto lolote walikuwa chini ya 2 kwa 100, na wale wa umeme na wa koblesheni walikuwa karibu mara tatu ya hapo. Mdau soma tena. Ile ya kisasa ilitoka damu zaidi kuliko kisu.

Baada ya hapo taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2005 ikaandika kwamba daktari anayetumia umeme au koblesheni lazima awe amefundishwa hasa kwa kifaa hicho, na watumie joto kwa kiasi. Haikupiga marufuku. Na kusema haki, watetezi wa koblesheni wana hoja: wakati ule madaktari wengi walikuwa bado wageni na kifaa, na mkono mgeni unaharibu chochote. Mfundi wa cherehani mpya naye anaanza kwa kuharibu vitambaa.

Pia kuna namna nyingine ya kutumia kijiti hicho hicho ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida ya kweli, hasa kwa watoto. Badala ya kutoa tonsesi nzima mpaka kwenye msuli, daktari anaiyeyusha nyama ya ndani na kuacha lile ganda lake la nje kama zulia juu ya msuli. Mishipa mikubwa iko nyuma ya ganda, haiguswi. Hapo maumivu yanapungua kweli, mtoto anarudi kula mapema, na damu ya siku za mbele inakuwa adimu zaidi. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kukoroma na kukosa pumzi, ni njia nzuri. Kasoro yake ni kwamba kwa watoto wachache kile kilichobaki kinaota tena, inabidi kurudi mezani. Kwa hiyo ukiambiwa "tutatumia mashine", haijatosha. Uliza: mnatoa nzima au mnaacha ganda? Sisi hatukuuliza, hatukujua kama kuna swali kama hilo.

Kwa watu wazima mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Uingereza, hospitali 27, watu 453 wa kuanzia miaka 16. Waliotolewa tonsesi, ndani ya miaka miwili waliumwa koo siku 23. Waliotibiwa kawaida bila upasuaji, siku 30. Kwa hiyo upasuaji unasaidia, ni kweli. Lakini karibu mmoja kwa kila watano alitokwa na damu ya kiwango fulani. Namba kubwa kuliko ile ya 2003 kwa sababu kila utafiti unahesabu kivyake, ila inatosha kumfanya mtu akae chini afikiri. Hakuna aliyekufa kwenye utafiti huo. Lakini wale wote walikuwa na simu ya ambulansi inayopokelewa.

Sasa sisi tunakaa wilayani. Kutoka kwetu mpaka hospitali yenye daktari bingwa wa masikio, pua na koo ni saa tatu kwa basi, na basi la mwisho linaondoka saa kumi jioni. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu tu mwilini. Chupa moja kubwa ya maji. Nilipolipata hilo wazo nikatoka nje ya kafe nikasimama kidogo.

Ndiyo maana nasema, kwa mtu wa Uingereza mjadala wa kisu au mashine ndio mjadala wenyewe. Kwa mtu wa kwetu swali la kwanza ni lingine: SIKU YA SABA USIKU UTAKUWA WAPI?

Nikamwambia mama hivyo hivyo. Mama akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo baba, mbuzi tusiuze kwa ajili ya mashine, tuuze kwa ajili ya kukaa mjini." Mama yangu aliishia darasa la saba lakini hesabu anazijua kuliko mimi.

Tukaenda hospitali ya rufaa, kisu cha kawaida, dawa ya usingizi kama kawaida (hii haikwepeki kwa mtoto, kwa njia yoyote ile, nayo ina hatari zake, ndiyo maana wanakuambia asile kuanzia usiku). Kabla ya hapo walimpima wingi wa damu na sikoseli, wakauliza kama kuna mtu ukoo wetu anayetoka damu bila kukoma akikatwa. Hayo yote yana maana. Mwenye sikoseli anaweza kufanyiwa, ila anaandaliwa tofauti, asiingizwe thieta kienyeji.

Halafu wakakaa kwa mama mdogo, dakika kumi na tano kwa bajaji kutoka hospitali. Siku kumi. Mama mdogo Mungu ambariki.

Siku ya kwanza mpaka ya pili dogo alikuwa anacheza! Siku ya nne akageuka, analia, masikio yanauma. Mama akadhani sasa ni ugonjwa wa masikio, kumbe neva moja inahudumia koo na sikio, maumivu ya koo yanasikika sikioni. Mdomo ukawa unanuka, nyuma ya koo kumejaa utando mweupe wa njano njano. Huo si usaha, ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona, msikimbilie kuongeza antibayotiki wala kuukwangua. Kinachotakiwa ni kunywa na kula. Bibi aliagiza kwa simu mtoto asipewe chochote kigumu mwezi mzima, lakini ushauri wa siku hizi ni kinyume: anywe sana, ale chochote anachoweza. Mtoto akiacha kunywa kwa sababu ya maumivu koo linakauka, maumivu yanazidi, anaishiwa maji, na kuna wanaorudishwa hospitali kwa hilo tu. Dogo aliishi kwa uji na barafu za mifuko (za maziwa, zile za ubuyu zilimwasha akatupa).

Dawa za maumivu wape kwa saa, msisubiri alie. Parasetamoli na ibuprofeni kwa vipimo vya daktari. Aspirini hapana, inazuia damu kuganda. Na kuna moja nataka niikazie: KODEINI. Iko kwenye baadhi ya vidonge vya maumivu na dawa za kikohozi. Ini linaigeuza kodeini kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao linafanya kazi hiyo haraka kupita kiasi, mtoto anapewa kijiko cha kawaida, yeye anapata mofini nyingi, analala, pumzi inasimama. Marekani walikufa watoto kwa hilo baada ya kutolewa tonsesi, mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikakataza kabisa kwa walio chini ya miaka 12, na kwa walio chini ya miaka 18 waliotoka kutolewa tonsesi. Majirani zetu Waethiopia ni kati ya watu walioonekana kuwa na wengi wenye ini la namna hiyo. Kwa hiyo soma kwenye boksi kabla hujampa mtoto.

Siku ya sita, saa nane usiku, mama akamsikia dogo anameza. Anameza, anameza, amelala. Akakumbuka niliyomsomea kwenye simu: mtoto akimeza mara kwa mara usingizini, washa taa. Akawasha. Kwenye mto damu nyekundu, si nyingi, kama kijiko au viwili. Akamkalisha, akamwinamisha mbele ateme asimeze, hakumpa maji wala chochote kwa sababu huenda angehitaji usingizi tena wa thieta, wakapanda bajaji. Hospitalini damu ilikuwa imekata yenyewe. Walimlaza usiku mmoja, wakamwangalia, wakamruhusu.

Sasa msinielewe vibaya. Kisa hiki hakithibitishi kwamba kisu ni bora, maana na yeye wa kisu alitoka damu! Mtoto mmoja si utafiti. Ila nikifikiria ule usiku ungekuwa kwetu wilayani, na basi ni asubuhi, na mama ameambiwa na daktari mwenye koti jeupe kwamba "damu hamna kabisa" hivyo hana hata sababu ya kuwasha taa...

Hicho ndicho ninachomlaumu yule daktari wa kwanza. Simlaumu kwa mashine. Mashine ina faida zake nimeshazisema, na kama una uwezo, daktari ameizoea, na wanaacha ganda kwa mtoto anayekoroma, mimi mwenyewe ningemshauri mtu aifikirie. Namlaumu kwa kuuza mashine kama vile inafuta siku ya saba.

Kama wewe au mdogo wako mmeambiwa mkatolewe, muulizeni daktari kwa heshima, hawakasiriki (wengi). Daktari, umeshafanya wangapi kwa njia hii, na wangapi walirudi na damu? Hicho kijiti ni kipya? Hili la kijiti si ujuaji, vile vijiti vimetengenezwa vitumike kwa mgonjwa mmoja tu kisha vitupwe, na ni ghali, kwa hiyo kishawishi cha kukirudia kipo. Kingine, nikitoka damu usiku namba gani napiga na thieta inafunguliwa na nani? Akikuambia haitatokea, hapo hujajibiwa. Na kama ni mtu mzima na tonsesi imevimba upande MMOJA tu, na haipungui, hata kama haiumi, usikae nyumbani unasukutua maji ya chumvi, hiyo inatakiwa iangaliwe mapema kwa sababu inaweza kuwa kansa.

Kitu cha mwisho, kuna watu wameniuliza kama mtoto asiye na tonsesi anakuwa hana kinga. Kinga anayo, kuna walinzi wengine wengi. Lakini si kwamba hakuna hasara hata kidogo: Denmark walifuatilia watoto karibu milioni 1.2, matokeo yakatoka mwaka 2018, na waliotolewa tonsesi utotoni walionekana kuumwa zaidi magonjwa ya njia ya juu ya hewa walipokuwa wakubwa. Huenda walikuwa tayari ni watu wa kuumwa umwa, utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kila kitu. Kwangu mimi maana yake ni moja, kama hujafikisha ile hesabu ya 7, 5, 3 na unapumua vizuri usiku, subiri.

Dakika zangu zinakwisha na jamaa wa kafe ameshaanza kuniangalia. Mdau uliyetolewa tonsesi, kwa mashine au kwa kisu, andika hapo chini: ulitoka damu au hukutoka, ulikuwa umbali gani na hospitali, na siku ya ngapi ulikula ugali. Dogo amenituma niwaambie yeye ni siku ya tisa, kwa dagaa.